Mahakama na nidhamu ya gerezani: Nani anaweza kumwongezea mfungwa siku?

Chukua mfano huu. Mfungwa amebakiza wiki sita atoke. Asubuhi moja anaitwa ofisini, anasomewa kosa: amemtishia askari. Anakana. Anaomba mfungwa mwenzake aliyekuwepo aitwe kutoa ushahidi, anaambiwa haina haja. Dakika chache baadaye anaelezwa kwamba amepatikana na hatia na kwamba atakaa mwezi mmoja zaidi.

Hakukuwa na jaji wala wakili. Aliyeleta shitaka na aliyelisikiliza ni watumishi wa gereza hilohilo. Je, mfungwa huyo anaweza kwenda mahakamani?

Nchini Uingereza, ambako sheria nyingi za magereza za Afrika Mashariki zina asili yake, jibu kwa muda mrefu lilikuwa hapana. Leo jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Makala hii inaeleza jinsi England na Wales zilivyofika hapo, jaji anaangalia nini anapoletewa shauri kama hilo, na sheria inasemaje kwingineko, ikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Nidhamu ya gerezani ni nini?

Kila gereza lina kanuni zake: kutopigana, kutotoroka, kutokaa na vitu vilivyokatazwa, kutii amri halali. Mfungwa anayedaiwa kuvunja kanuni hashitakiwi mara moja mahakamani. Kwa kawaida shauri lake husikilizwa ndani ya gereza, na mkuu wa gereza ndiye anayeamua.

Adhabu zinatofautiana. Nyingine ni nyepesi, kama onyo au kunyimwa matumizi ya duka la gereza kwa muda. Nyingine ni nzito, kama kufungiwa katika selo ya peke yake. Lakini iliyozusha mabishano makubwa zaidi mahakamani ni ile inayogusa tarehe ya kutoka.

Katika nchi nyingi mfungwa hatumikii kifungo chote alichohukumiwa. Akiwa na tabia njema hupunguziwa sehemu yake. Anayevunja kanuni anaweza kupoteza punguzo hilo. Jaji aliyemhukumu hakuongeza hata siku moja, lakini mfungwa atakaa ndani kwa wiki au miezi ambayo asingekaa. Kwa familia iliyomtarajia nyumbani, tofauti kati ya "kuongezewa kifungo" na "kupoteza punguzo" ni ya maneno tu.

Wakati ambapo majaji walikaa mbali

Hadi miaka ya 1970, majaji wa Uingereza walisita sana kuingia katika mambo ya ndani ya gereza. Hoja yao ilikuwa ya usalama na utulivu. Waliona kwamba kila mfungwa mwenye kinyongo akiruhusiwa kumfikisha mkuu wa gereza mahakamani, kazi ya kuendesha gereza haitawezekana. Mwaka 1972, katika shauri la Becker dhidi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Lord Denning, mmoja wa majaji mashuhuri wa nchi hiyo, aliueleza wazi msimamo huo.

Nidhamu ya gerezani ilifananishwa na ya jeshini: mkubwa anaamuru, mdogo anatii, na malalamiko yanapanda ngazi hadi kwa waziri. Mahakama haikuwa sehemu ya ngazi hiyo.

Wakati huo makosa mazito hayakuamuliwa na mkuu wa gereza bali na bodi ya wakaguzi. Hiki kilikuwa chombo cha raia wa kawaida walioteuliwa na serikali, na kila gereza lilikuwa na chake. Bodi ilikuwa na kazi mbili: kuangalia hali ya wafungwa na kusikiliza malalamiko yao, na wakati huohuo kuwaadhibu kwa makosa mazito. Wafungwa wengi waliona vigumu kuiamini katika kazi ya kwanza huku ikiendelea na ya pili.

Ghasia za Hull zilizobadilisha mambo

Mwishoni mwa Agosti 1976, wafungwa wa gereza la Hull, kaskazini-mashariki mwa England, waliteka sehemu kubwa ya gereza hilo na kuliharibu vibaya. Ghasia zilimalizika mwanzoni mwa Septemba, na wafungwa walitawanywa katika magereza mengine. Kisha bodi ya wakaguzi ya Hull ilianza kusikiliza mashitaka dhidi yao. Wapo waliopoteza mamia ya siku za punguzo.

Baadhi yao walikwenda mahakamani. Hawakuomba watangazwe kuwa hawana hatia. Walidai kwamba hawakusikilizwa kwa haki: mashahidi waliowaomba hawakuitwa, na ushahidi dhidi yao ulitoka katika taarifa za askari ambao hawakufika ili waulizwe maswali.

Shauri hilo, lijulikanalo kwa jina la St Germain, liliamuliwa kwa hatua mbili. Kwanza, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba uamuzi wa bodi ya wakaguzi unaweza kuchunguzwa na mahakama. Bodi ilikuwa inafanya kazi inayofanana na ya hakimu, na anayefanya kazi ya hakimu lazima afuate misingi ya haki.

Kisha mwaka 1979 mahakama iliingia katika malalamiko yenyewe na kufuta baadhi ya maamuzi. Majaji walieleza mipaka ambayo bado inatumika. Mwenyekiti wa kikao anaweza kukataa shahidi kama ombi ni la kuvuruga shughuli au kupoteza muda. Lakini hawezi kumkataa kwa sababu tu kumleta ni usumbufu, wala kwa sababu anaona ushahidi wa hatia umeshatosha. Ushahidi wa kusikia kutoka kwa mtu ambaye hayupo unaweza kupokelewa, ila mfungwa lazima apate nafasi ya kweli ya kuupinga. Kama ubishi wenyewe ni nani hasa alionekana akifanya kosa, na aliyedai kumwona hayupo aulizwe, ni vigumu kusema nafasi hiyo imetolewa.

Miaka michache baadaye, katika shauri la Raymond dhidi ya Honey, Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliweka msingi mpana zaidi: mfungwa anabaki na haki zake zote za kiraia, isipokuwa zile zilizoondolewa na sheria waziwazi au ambazo haziwezi kwenda pamoja na kifungo chenyewe. Haki ya kufika mahakamani haikuwa miongoni mwa zilizoondolewa.

Je, mfungwa ana haki ya wakili?

Swali lililofuata lilikuwa la wakili. Katika shauri la Tarrant, lililoamuliwa mwishoni mwa mwaka 1983, mahakama ilisema mfungwa hana haki ya moja kwa moja ya kuwa na wakili mbele ya bodi, lakini bodi haiwezi kukataa bila hata kulifikiria ombi lake. Inapaswa kupima mambo haya:

- uzito wa kosa na wa adhabu inayoweza kutolewa;
- kama kuna hoja ya kisheria inayoweza kujitokeza;
- uwezo wa mfungwa kujieleza mwenyewe;
- ugumu wa utaratibu, hasa kwa mfungwa aliyefungiwa peke yake asiyeweza kutafuta mashahidi;
- haja ya kumaliza shauri haraka;
- haja ya usawa kati ya wafungwa wenyewe, na kati ya wafungwa na askari.

Mwaka 1984 suala hilo lilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg. Katika shauri la Campbell na Fell, mfungwa mmoja alikuwa amepoteza siku 570 za punguzo baada ya tukio katika gereza la Albany mwaka 1976, bila kuwa na wakili. Mahakama iliona kwamba adhabu nzito kiasi hicho haiwezi kuitwa nidhamu ya ndani tu. Lilikuwa ni shitaka la jinai kwa maana ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, hivyo alistahili msaada wa kisheria.

Mkuu wa gereza naye yumo

Hadi hapo mahakama zilikuwa zimeigusa bodi ya wakaguzi tu. Mkuu wa gereza alibaki nje. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufaa iliamua katika shauri la gereza la Camphill kwamba maamuzi yake ya nidhamu hayachunguzwi na mahakama, kwa sababu yeye ni sehemu ya uongozi wa kila siku wa gereza. Aliyetaka kulalamika alipaswa kwenda kwa waziri.

Mwaka 1988 Bunge la Malodi liligeuza msimamo huo katika shauri la Leech, lililotoka gereza la Parkhurst. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mkuu wa gereza anapomsikiliza mfungwa aliyeshitakiwa na kumpa adhabu, anafanya kazi ileile ambayo bodi inafanya. Tofauti ni ukubwa wa adhabu tu, na ukubwa wa adhabu si sababu ya kufunga mlango wa mahakama.

Majaji waligusa pia suala la kulalamika kwa waziri. Waziri aliweza kuondoa adhabu, lakini hakuwa na uwezo wa kufuta uamuzi wa hatia wenyewe. Doa lilibaki katika jalada la mfungwa, na jalada hilo husomwa anapofikiriwa kuachiwa mapema.

Siku 7 na siku 40

Mwezi Aprili 1990, ghasia katika gereza la Strangeways mjini Manchester zilidumu siku 25. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Woolf, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1991, ulipendekeza bodi za wakaguzi ziondolewe kazi ya kuadhibu. Hilo lilifanyika mwaka 1992. Makosa mazito ya jinai yaende polisi na mahakamani, mengine yabaki kwa mkuu wa gereza.

Lakini mkuu wa gereza alibaki na uwezo wa kutoa kile ambacho sheria mpya ilikiita siku za nyongeza. Wafungwa wawili, Ezeh na Connors, waliupinga uwezo huo Strasbourg. Mmoja alishitakiwa kwa kumtishia afisa wa uangalizi, akapewa siku 40. Mwingine alidaiwa kumgonga askari alipokuwa akikimbia mazoezi uwanjani, akapewa siku 7. Wote walinyimwa wakili.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba siku hizo si kifungo kipya. Kwa mujibu wake, wafungwa hao walikuwa bado ndani ya kifungo walichopewa na mahakama, ila wangetoka baadaye kidogo. Mahakama ya Strasbourg ilikataa hoja hiyo, kwanza mwaka 2002 na kisha katika kikao cha majaji wengi zaidi tarehe 9 Oktoba 2003. Ilisema kinachoangaliwa ni hali halisi: tarehe ya kutoka ilifika, na watu hao walibaki ndani kwa sababu ya shitaka jipya lisilohusiana na hukumu yao ya awali. Huko ni kunyimwa uhuru. Hata kwa siku 7, walistahili wakili.

Hali ilivyo sasa England na Wales

Baada ya uamuzi wa kwanza wa Strasbourg, kanuni zilibadilishwa mwaka huohuo wa 2002. Mkuu wa gereza hawezi tena kuongeza siku. Akiona kosa ni zito kiasi cha kustahili adhabu hiyo, analipeleka kwa mwamuzi huru, ambaye ni hakimu wa wilaya anayekuja gerezani. Huyo anaweza kuongeza hadi siku 42, na mbele yake mfungwa ana haki ya kuwakilishwa na wakili.

Kwa makosa mengine mkuu wa gereza anaendelea kusikiliza. Anaweza, kwa mfano, kumfungia mtu mzima katika selo ya peke yake hadi siku 21. Mfungwa lazima aelezwe shitaka kabla ya kikao, apewe nafasi kamili ya kujibu, na kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi.

Asiporidhika na uamuzi wa mkuu wa gereza, mfungwa anaweza kuomba uangaliwe upya ndani ya idara ya magereza, kisha kwenda kwa mchunguzi huru wa malalamiko ya magereza. Anayelalamikia adhabu ya mwamuzi huru ana siku 14 za kuomba iangaliwe na hakimu mkuu wa wilaya. Baada ya hapo ndipo inapokuja Mahakama Kuu, ambako ombi linapaswa kufikishwa haraka, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3.

Kuna pia kutengwa ambako hakuitwi adhabu, bali hatua ya kulinda usalama. Mwaka 2015, katika shauri la Bourgass, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kumweka mfungwa katika hali hiyo zaidi ya saa 72 kwa idhini ya viongozi wa gereza lenyewe kulikuwa kinyume cha kanuni, kwa kuwa idhini ilipaswa kutoka nje ya gereza. Ukaguzi unaofanywa na anayekaguliwa si ukaguzi.

Jaji anaangalia nini?

Hapa ndipo wengi huchanganya. Mapitio ya mahakama si rufaa. Katika rufaa mahakama huuliza: je, uamuzi ulikuwa sahihi? Katika mapitio huuliza: je, uamuzi ulifikiwa kihalali?

Kwa hiyo jaji hataamua nani alianza ugomvi. Ataangalia mambo kama haya: Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka? Je, mfungwa alijua anashitakiwa kwa lipi na alipata muda wa kujiandaa? Je, mashahidi wake walikataliwa kwa sababu ya maana? Je, aliyeamua alikuwa upande wa mtu? Je, sababu za uamuzi zilitolewa? Je, upo ushahidi ambao mtu mwenye akili timamu angeweza kuutegemea?

Mfungwa akishinda, mahakama kwa kawaida hufuta uamuzi. Haimtangazi kuwa hana kosa. Wakati mwingine shauri linaweza kusikilizwa upya kwa utaratibu sahihi.

Kikwazo kikubwa ni muda. Adhabu ya siku chache katika selo ya peke yake huwa imekwisha zamani kabla jaji hajasoma jalada. Ndiyo maana mashauri mengi yanahusu siku za kifungo, na ndiyo maana kikao cha kwanza kule gerezani ni muhimu kuliko chochote kinachofuata. Shahidi ambaye jina lake halikuandikwa siku ile ni vigumu kumpata miezi mitano baadaye.

Marekani: mlango upo, lakini ni mwembamba

Marekani ilianza mapema zaidi. Mwaka 1974, katika shauri la Wolff dhidi ya McDonnell lililotoka jimbo la Nebraska, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfungwa anayeweza kupoteza punguzo la kifungo lazima apewe shitaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla ya kikao, apewe maelezo ya maandishi ya uamuzi na ushahidi uliotumika, na aruhusiwe kuita mashahidi pale ambapo usalama hauhatarishwi. Haki ya wakili haikutolewa.

Mwaka 1985 mahakama hiyo ilisema, katika shauri la Hill kutoka Massachusetts, kwamba uamuzi utasimama ikiwa upo ushahidi wowote unaouunga mkono, hata kama ni mdogo. Mwaka 1995, katika shauri la Sandin kutoka Hawaii, ilisema kwamba siku 30 za kutengwa hazikutosha kumpa mfungwa huyo ulinzi huo, kwa kuwa hazikuwa mzigo mzito usio wa kawaida katika maisha ya gerezani. Kwa hiyo haki ya kusikilizwa ipo, lakini si kwa kila adhabu, na mahakama haichimbi sana katika ushahidi.

Na Afrika Mashariki?

Sheria za magereza za Kenya, Uganda na Tanzania zilikulia katika mfumo wa kikoloni wa Uingereza. Alama zake bado zinaonekana, ikiwemo punguzo la theluthi moja ya kifungo ambalo wafungwa wengi wa Kenya na Tanzania hulihesabia, na mamlaka ya wakuu wa magereza kusikiliza makosa ya nidhamu.

Lakini juu ya sheria hizo kuna katiba. Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema aliye kizuizini au gerezani anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na hali yake hiyo. Ni msingi uleule wa Raymond dhidi ya Honey, sasa ukiwa ndani ya katiba. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na vyombo vya utawala, na kupewa sababu za maandishi pale uamuzi unapomuathiri vibaya. Mwaka 2014 Kenya ilipitisha pia sheria mahsusi kuhusu watu walionyimwa uhuru.

Katiba ya Uganda, ibara ya 42, inampa mtu anayefikishwa mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa haki, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kutoa amri ya kufuta uamuzi wa chombo cha umma uliofikiwa kinyume cha sheria.

Kimataifa, Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni za chini za kuwatendea wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya kiongozi huyo wa Afrika Kusini aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 41 inasema mfungwa lazima ajulishwe mashitaka bila kuchelewa, kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujitetea, na awe na nafasi ya kuomba mahakama ipitie adhabu ya nidhamu aliyopewa. Kanuni ya 44 inahesabu kutengwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo kuwa ni kutengwa kwa muda mrefu, na kanuni ya 43 inakataza jambo hilo.

Kwa nini mahakama iingilie?

Wapo wanaouliza: aliyefungwa kwa kuwadhuru wengine, kwa nini apewe nafasi zote hizi? Askari magereza wanafanya kazi ya hatari, na gereza lisilo na nidhamu huwaumiza kwanza wafungwa wanyonge.

Hakuna mahakama iliyotajwa hapa iliyosema nidhamu iondolewe. Zote zilikubali kwamba kikao cha gerezani hakiwezi kufanana na kesi ya mahakamani kwa kila hatua. Walichosema majaji ni kwamba kifungo ni kile kilichotolewa na mahakama, na anayetaka kukirefusha, hata kwa siku 7, lazima kwanza amsikilize mtu huyo kwa haki. Ripoti ya Woolf kuhusu Strangeways nayo ilisisitiza kwamba utulivu wa gereza unahitaji mambo matatu kwa pamoja: usalama, udhibiti na haki. Likikosekana moja, mengine mawili hayatoshi.

Kwa mfungwa au ndugu yake, mambo ya kukumbuka ni machache. Ulizeni shitaka ni lipi hasa na limeandikwa wapi. Tajeni mashahidi mapema, na ombi hilo liandikwe. Ombeni sababu za uamuzi. Wekeni tarehe, kwa sababu muda wa kulalamika huanza kuhesabiwa mapema. Na mtafuteni wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla muda huo haujapita, maana jaji hawezi kuchunguza kikao ambacho hakuna aliyemletea.